Waini nyekundu kwenye friji? Ndiyo, na anayenuna anune!

Leo nina kesi na nyie, hasa mabrazameni na masista duu mnaoagiza waini nyekundu kwa ajili ya ujiko. Nawaona kila wikiendi. Mtu kakaa bustanini, joto la Dar linamchemsha, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, na mbele yake kuna glasi ya waini nzito, nyeusi kama wino, vuguvugu kama maji ya kunawa. Anapiga funda moja, anakunja uso, anajidai anasikilizia ladha. Ladha gani bwana? Mtu anateseka, na hela kalipa.

Balaa lote linatokana na sheria moja ambayo kila mtu kaikariri: nyeupe inakaa kwenye friji, nyekundu inanywewa kwa joto la chumba. Sawa, lakini chumba cha nani? Sheria hiyo ilitoka Ulaya, enzi za nyumba za mawe ambazo hazikuwa na mitambo ya kupasha vyumba joto. Chumba chao kilikuwa na nyuzi 16, ikizidi sana 18. Njoo sasa chumbani kwako Sinza mwezi wa pili, feni inazunguka na kukupulizia moto uleule. Hapo ni nyuzi 30 bila ubishi. Waini ikifika huko, kilevi chake kinapanda puani kabla ya kitu kingine chochote, na harufu ya tunda haisikiki tena.

Kwa hiyo leo twende Sicily, kile kisiwa cha Italia ambacho kwenye ramani kinaonekana kama kinapigwa teke na buti. Kiko Mediteranea katikati, na ncha yake ya kusini iko chini zaidi ya jiji la Tunis, Afrika! Joto wanalijua. Tarehe 11 Agosti 2021, karibu na mji wa Syracuse, kipimo kilisoma nyuzi 48.8, na baadaye Shirika la Hali ya Hewa Duniani likathibitisha kuwa ndiyo rekodi ya bara zima la Ulaya. Watu wa namna hiyo wakikwambia kitu gani kinanyweka wakati wa jua kali, wasikilize.

Upande huohuo wa kusini-mashariki kuna mji unaitwa Vittoria, uliojengwa kuanzia mwaka 1607. Ardhi yake ina mchanga mwekundu juu na mawe ya chokaa chini. Hapo ndipo inapostawi zabibu inayoitwa Frappato. Rafiki yangu aliyekuwa masomoni Italia alirudi na chupa yake moja, tukaifungua barazani kwangu jioni ikiwa imepoa vizuri. Jamani! Rangi yake inapenya mwanga, unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Harufu yake ni ya stroberi na komamanga, na kwa mbali kuna kitu kama maua. Mdomoni ni nyepesi, ina uchachu kidogo unaofanya mate yatoke, na ule ukakasi unaokaba ulimi kama umekula bibo bichi haupo, au upo kwa mbali sana. Nilikuwa nimekaanga vibua. Mpaka tunamaliza samaki, chupa nayo ilikuwa inapumulia mashine.

Wenyeji hawainywi peke yake tu. Huichanganya na zabibu nyingine nyeusi, nzito zaidi, Nero d'Avola, na kupata waini inayoitwa Cerasuolo di Vittoria. Sheria yao inataka Nero d'Avola iwe asilimia 50 hadi 70 na inayobaki iwe Frappato. Mwaka 2005 waini hiyo ilipewa daraja la juu kabisa la Italia, ya kwanza kwa kisiwa cha Sicily. Na kabla sijasahau, kisiwani humo kuna zabibu nyeupe inaitwa zibibbo. Mnasikia? Waarabu walitawala Sicily kati ya karne ya 9 na ya 11, wakaacha neno lao la zabib, lilelile lililotufikia sisi likawa zabibu. Kwa hiyo kwenye neno hilo sisi na wao ni mtu na binamu yake.

Walioitangaza Frappato duniani si mapedeshee. Mwaka 1980 vijana watatu walioitwa Cilia, Occhipinti na Strano waliunganisha herufi za majina yao wakaanzisha COS. Hao jamaa baadhi ya mvinyo wao wanauchachua kwenye mitungi ya udongo iliyofukiwa ardhini. Kisha mwaka 2004 binti wa ukoo huohuo, Arianna Occhipinti, mpwa wa yule mmoja, akaanza na kishamba cha kama hekta moja tu. Alikuwa na miaka ishirini na ushee, umri ambao wengine tulikuwa bado tunaomba hela ya nauli nyumbani. Leo waini yake ya SP68, iliyopewa jina la barabara ya mkoa namba 68 inayopita hapo, inauzwa mpaka Marekani. Wote hawa wanalima kilimo hai, na hapo ndipo nataka tuelewane, maana mjini neno hilo limeshageuzwa dili.

Kilimo hai hakina maana kwamba shamba halipuliziwi kitu. Hawatumii viuatilifu vya viwandani wala mbolea za chumvichumvi, lakini salfa inaruhusiwa, na shaba pia. Wachaga mnaokumbuka mzee akipulizia mibuni dawa ya bluu, ule mrututu, basi ni ukoo huohuo. Ulaya wameiwekea shaba kikomo cha kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7, kwa sababu ikizidi inarundikana kwenye udongo. Vittoria wana bahati: kiangazi ni kikavu, upepo wa bahari unapita kwenye mizabibu, ukungu hauna pa kujificha. Ndiyo maana kwao kilimo hai kinawezekana bila mkulima kulia.

Na kwenye chupa? Mpaka mwaka 2012 Ulaya haikuwa na kitu kinachoitwa kisheria mvinyo wa kilimo hai, kulikuwa na mvinyo uliotokana na zabibu za kilimo hai. Kuanzia mavuno ya mwaka huo ndipo kanuni zikaingia mpaka kiwandani, na lebo ikaruhusiwa ile alama ya jani la kijani lenye nyota. Nyekundu kavu ya kawaida inaruhusiwa miligramu 150 za salfaiti kwa lita, ya kilimo hai mwisho 100. Imepungua, haijaisha. Kwa hiyo sista ukiambiwa na muuzaji kwamba hii ni ya asili, kunywa utakavyo, kesho utaamka bomba, mjibu kwamba kinachokuumiza kichwa asubuhi ni kilevi chenyewe, na hicho kimo humo, asilimia 12 au 13. Jani la kijani halijawahi kumbeba mtu mpaka nyumbani.

Sasa visa. Hoteli moja ya mjini, siitaji, niliomba ndoo ya barafu kwa ajili ya chupa nyepesi ya namna hiyo. Mhudumu akanitazama kuanzia kwenye viatu. "Braza, nyekundu haiwekwi barafu," akasema kwa sauti ya kutosha meza tatu, na meza ya pili wakacheka. Chupa yenyewe ilikuwa imetoka kwenye rafu juu ya kaunta, chini ya taa, ya moto kabisa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, anayelipa ni mimi, niletee barafu na maji." Ikaletwa kwa kununa. Baada ya robo saa kina dada wa meza ile ya pili wakatuma mtu kuuliza tunakunywa nini.

Zingatia hapo: barafu NA maji. Barafu tupu inaigusa chupa sehemu chache tu, maji yanaizunguka yote. Robo saa inatosha. Kwenye friji utasubiri karibu saa mbili kama chupa ilikuwa imekaa kwenye joto letu. Unatafuta kama nyuzi 14, ubaridi wa kushika chupa ukasema ah!, siyo ubaridi wa soda. Wala usitumbukize vipande vya barafu ndani ya glasi, utakunywa maji ya rangi. Na tafadhali, usiende kuigandisha ile nyeusi nzito ya bei mbaya uliyoletewa zawadi. Baridi inaamsha ukakasi, itakuwa kama unatafuna gamba la mti. Dawa hii ni ya nyepesi tu. Ya Dodoma, ile nyekundu kavu isiyo nzito, nayo nimeijaribu hivi na imenikubalia.

Halafu ile amri ya samaki na nyeupe. Nyekundu yenye ukakasi ikikutana na mafuta ya samaki inaacha mdomoni ladha ya sarafu, hilo kweli. Nyepesi kama Frappato haina kesi hiyo. Sicily wanavua jodari na dagaa, tambi zao wanazipika na dagaa wabichi, na nyekundu iko mezani. Sisi jodari tunaye, kibua tunaye, pweza wa kuchoma yuko pale Forodhani na Feri. Tatizo ni chupa tu, Frappato si kitu cha kukuta kila duka. Ukikosa, muulize muuzaji nyekundu nyepesi isiyokaa kwenye pipa, na kabla ya kulipa inua chupa kwenye mwanga: kama huoni kitu upande wa pili, irudishe.

Ikibaki, zibakize na kizibo chake, rudisha kwenye friji. Siku mbili tatu bado inanyweka. Ikifika ya nne, mpe mpishi aitie kwenye rosti.