Ambreyaji ikiungua, kwa nini shofere peke yake alipe?

GOMA – Kesi hii inasikilizwa kwenye gereji za mji kila mara. Hiace imefika ikisukumwa. Fundi ameshusha bwati, ametoa diski ya ambreyaji, ameinusa na kuwapitishia wote waone: nyeusi, nyembamba, imekwisha. Mwenye gari anauliza swali moja tu: "Nani aliiunguza?" Kabla fundi hajafungua mdomo, macho yote yako kwa shofere. Hukumu imeshatoka. Atakatwa kidogo kidogo kwenye pesa yake mpaka ambreyaji nzima ilipwe.

Hukumu hiyo ni uonevu. Tena ni ya hatari, na hatari yake inawaangukia watu ambao hawakuwa gereji siku ile: abiria, na hasa familia za wahami zinazopanda gari na kila kitu zilichobaki nacho duniani.

Mwenye gari ana hoja yake. Anasema gari lilitoka Japani na ambreyaji ya kiwandani, na kule watu wanaendesha miaka kumi na tano bila kuigusa. Hadanganyi. Wapo wazungu na Wajapani wenye magari ya zamani ya mbio, kama Mazda MX-5, yaliyopita kilomita 150,000 na ambreyaji ni ile ile ya kiwandani. Lakini gari hilo linaishi maisha gani? Linatoka Jumapili na watu wawili ndani, linakuta lami, linaingia gia ya tano na kukaa humo. Jirani yake mwenye gari kama hilo, anayelipeleka kwenye mashindano, anabadilisha ambreyaji mapema sana. Kiwanda kimoja, gari moja, umri tofauti.

Sababu fundi yeyote anaijua. Diski inabanwa kati ya volani ya injini na plato. Ikishabanwa vizuri inazunguka pamoja nazo na hailiki. Inalika wakati inateleza, yaani pale mguu unapoachia pedali na gari linaanza kujongea. Basi kuhesabu kilomita peke yake ni kujidanganya. Hesabu gari liling'oka mara ngapi, na mzigo gani, kwenye mlima gani.

Tufanye hesabu ya mfano. Gari la Jumapili linatembea kilomita 100 na kung'oka mara 10. Hiace ya Goma inatembea kilomita hizo hizo, lakini inasimama kwa kila anayeinua mkono, kwenye kila bariere, kwenye kila shimo: tuseme mara 200. Siku moja ya Hiace ni siku ishirini za lile gari. Yakitembea sawa kila siku, miaka 15 ya kule inakuwa miezi 9 hapa. Na hapo mzigo bado haujahesabiwa.

Mzigo nao ni huu: kiti cha watatu wanakaa wanne, na juu ya paa kuna magunia ya makala. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Shofere anaongeza mafuta na kuachia pedali polepole, na diski inateleza muda mrefu zaidi. Chini ya magurudumu, kwenye kartye nyingi, ni mawe ya Nyiragongo, yale yaliyoshuka mjini tarehe 17 Januari 2002 na mengine ya zamani zaidi. Nani aliamua gari lipakie hivyo? Mara nyingi ni mwenye gari, kwa kiasi cha pesa anachotaka kila jioni. Shofere akipakia watu kama gari lilivyotengenezwa, jioni hafikishi.

Kisha kuna kipuri chenyewe. Gari likifika Goma limeshatumika miaka mingi kwingine, hivyo hiyo ambreyaji "ya kiwandani" imeshaliwa nusu na mtu asiyejulikana. Ikiisha, mwenye gari ananunua diski peke yake, ya bei rahisi au ya okazyo, na kuacha plato ya zamani na bitee ya zamani. Fundi anamwonya, yeye anajibu hana pesa. Miezi michache baadaye diski mpya imekwisha, na anayeulizwa ni shofere.

Je, mashofere hawana kosa? Wanalo. Wapo wanaosafiri na mguu juu ya pedali kama vile ni kiti. Wapo wanaoshikilia gari mlimani kwa ambreyaji badala ya frein ya mkono. Hao wafundishwe, na anayerudia awajibike. Lakini kosa la mguu halifuti kosa la mzigo wala kosa la kipuri.

Hatari inaanzia hapa. Shofere anayejua kwamba atalipa peke yake hatasema kamwe kwamba ambreyaji inaanza kuteleza. Atanyamaza, atapakia, ataomba Mungu. Februari 2025, kambi za Bulengo na Lushagala zilipovunjwa, familia zilirudi njia ya Sake na Masisi na magodoro, masufuria, watoto na wazee. Kutoka Sake kupanda Mushaki ni mlima mkali. Gari lililojaa likikosa ambreyaji pale katikati, injini inanguruma na magurudumu hayavuti. Kinachobaki ni frein tu, na frein ya mkono ya magari mengi kila mtu anaijua. Mama mwenye mtoto mgongoni hapaswi kulipa siri iliyozaliwa gereji.

Dawa ipo. Ambreyaji ihesabiwe kama matairi na mafuta ya injini: kitu kinacholika kwa kazi, kinacholipwa na kazi. Kila wiki pesa kidogo iwekwe pembeni, mbele ya mwenye gari na shofere, maana benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025 kila mtu aliona kwamba hakuna mkopo wa kukimbilia. Diski, plato na bitee vibadilishwe pamoja, na tarehe iandikwe kwenye daftari. Shofere anayetoa habari mapema ashukuriwe, asikatwe.

Na kabla ya kupanda mlima, jaribio halichukui hata dakika moja. Gari lisimame mahali tambarare, watu wakiwa mbali na mbele yake. Vuta frein ya mkono, kanyaga na frein ya mguu, weka gia ya tatu, achia pedali polepole. Injini ikizimika, ambreyaji inashika. Ikiendelea kuzunguka, gari hilo halistahili kupakia mtu.

Abiria naye ana haki yake. Akisikia injini inapiga kelele na gari halivuti, akinusa harufu ya kuungua, aombe kushuka mapema, kabla ya mlima. Godoro litapata gari lingine.