MENDE ANA AKILI, SISI TUKAMFANYA TUSI



Ndugu zangu katika imani, leo naanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Siku moja baada ya Alasiri, madrasa imejaa, mtoto mmoja wa miaka tisa alifungua mkoba wake atoe juzuu. Akatoka mende. Akakatiza juu ya mkeka, watoto wakarukaruka, kicheko kikajaa chumba kizima. Mmoja akapaza sauti, "Mende kaja na mwanawe!" Tangu hapo yule mtoto akapoteza jina lake. Akawa Mende. Akiitwa kusoma, wenzake wananong'ona, "Zamu ya Mende." Akikaa, wanavuta kanzu zao pembeni.

Nami, ustadhi wao, siku ile nilitabasamu. Sikukemea. Niliona ni utoto tu, utapita.

Wiki iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja. Nikaenda kwao. Chumba kimoja, mama anakaanga samaki wa kuuza, unga na mafuta vimewekwa humo humo wanamolala. Mende watakosaje? Mtoto akaniamkia, "Shikamoo ustadhi," kisha akainamisha kichwa. Nikamwuliza mbona haji kusoma. Akasema, "Ustadhi, kule siitwi jina langu."

Wallahi sikuwa na jibu.

Njiani nikawa najiuliza: huyu mende ana nini hasa, hata jina lake tumfunge nalo mtoto wa mwenzetu? Usiku baada ya Isha nikamwuliza mwalimu mmoja wa baiolojia anayesali nasi. Akacheka, akaniambia, "Shekhe, ungemjua usingemdharau." Tukakaa mpaka usiku mwingi. Nawaletea niliyoyapata.

KWANZA: MENDE HUJIFUNZA.
Waliosoma sekondari wanakumbuka habari ya mbwa wa Pavlov: akizoea kusikia mlio kila anapoletewa chakula, mwishowe mlio peke yake unamtoa mate. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, Watanabe na Mizunami, walionyesha kuwa mende naye yumo. Walimnusisha harufu, wakamwonjesha sukari, wakarudia. Baadaye harufu peke yake ilimtoa mate. Ubongo mdogo kuliko punje ya mchele, na unashika somo! Subhanallah.

PILI: MENDE HUKUHISI KABLA HUJAMFIKIA.
Nyuma ya tumbo lake ana vijipembe viwili vyenye vinyweleo vingi. Ukiinua ndala, ule upepo mdogo unaotangulia ndala unavigusa. Kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijaisha, ameshageuka na kukimbia. Ndiyo maana unapiga sakafu tupu. Si uchawi. Ni Muumba aliyempa silaha yake.

TATU: MENDE HUGAWANA NAFASI BILA UGOMVI.
Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels, Ubelgiji, walitoa matokeo ya jaribio hili. Waliweka mende 50 mahali penye vibanda vitatu vya kujificha. Kila kibanda kilikuwa na nafasi ya mende 40. Mtu angedhani 40 watajaza kimoja na 10 watabaki wakihangaika. Sivyo. Waligawanyika 25 huku na 25 kule, kibanda cha tatu wakakiacha kitupu. Na vibanda vilipokuwa vikubwa vya kuwatosha wote, walikaa wote pamoja katika kimoja. Hakuna kiongozi, hakuna kelele. Hugusana, hunusana, na kila mmoja hutazama wenzake wako wapi. Enyi wenzangu wa kamati za misikiti, mliowahi kugombania ufunguo wa stoo, mmesikia?

NNE, NA HILI NDILO LILILONICHOMA: MENDE MCHANGA AKITENGWA, HUDUMAA.
Watafiti wamelipima jambo hili. Mtoto wa mende anayelelewa peke yake huchelewa kukua kuliko anayelelewa na wenzake, hata kama chakula anacho tele. Anachokikosa ni kuguswa. Zile papasi, nyuzi mbili ndefu za kichwani, zinapogusana na za wenzake, mwili unapata habari kwamba hayuko peke yake, nao unakua.

Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka yule mtoto na kanzu zinazovutwa pembeni. Mende hawamfanyii mtoto wao tuliyomfanyia sisi wa kwetu, ndani ya nyumba ya kusomeshea Qur'ani.

Ndugu zangu, katika Suratul An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufundisha kuwa viumbe watambaao ardhini na ndege warukao ni umma kama sisi tulivyo umma. Aya hii tunaisoma kwa tajwidi nzuri, kisha tunatoka nje na kudhani akili iligawiwa kwetu peke yetu.

SASA TAZAMENI MCHEZO WA MAJINA.
Yule mende mdogo wa jikoni, mtaalamu wa Sweden aitwaye Carl Linnaeus alimwandika mwaka 1767 kuwa ni mende wa Ujerumani. Warusi wao wakamwita Mprusi. Wajerumani wengine wakamwita Mrusi. Kila mmoja anamsukumia jirani. Mwaka 2024 watafiti walichunguza vinasaba vyake wakakuta asili yake ni Asia ya Kusini, na kwamba kiasi cha miaka 1,200 iliyopita alifika Mashariki ya Kati, wanavyoona wao, pamoja na misafara ya biashara na majeshi ya zama za makhalifa. Kumbe na sisi Waislamu tulimbeba kwenye mizigo yetu! Na yule mkubwa mwekundu wa karoni, ambaye vitabu vinamwita mende wa Marekani, asili yake ni Afrika.

Mtu akitaka kumdharau mwenziwe, humtwika mende.

Na msidhani ni mzaha. Kwa Kinyarwanda, mende ni inyenzi. Mwaka 1994 redio ya RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi inyenzi, ikarudia na kurudia, mpaka neno likazoeleka masikioni. Kwa muda wa siku kama mia moja waliuawa watu wanaokadiriwa kufika laki nane. Jirani alimuua jirani aliyekuwa akimwazima chumvi, kwa sababu machoni pake hakuwa mtu tena. Tusi lilitangulia, panga likafuata. Na wapo Waislamu kule waliokataa neno hilo, wakawaficha majirani zao majumbani mwao. Allah awalipe.

Sisemi kicheko cha madrasa ni sawa na Rwanda. Nasema mbegu ni moja, na mimi nilitabasamu ilipopandwa mbele yangu. Suratul Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, na imetukumbusha kuwa huenda anayedharauliwa akawa bora kuliko anayemdharau.

MTANIULIZA: SHEKHE, KWA HIYO TUSIUE MENDE?
Ueni. Anachafua chakula, anabeba vijidudu, na vumbi la kinyesi na magamba yake huwaamsha pumu watoto wengi. Mwenye kudhuru huondolewa. Lakini mwueni kwa adabu za dini yetu:

1. Umalize haraka. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ametufundisha wema katika kila jambo, hata katika kuua. Msiwaache watoto wamnyofoe miguu mmoja mmoja huku mnacheka. Mkono unaozoea ukatili kwa mdogo haushindwi kwa mkubwa.

2. Msimchome moto. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Nabii mmoja aliyelaumiwa na Mola wake kwa kuteketeza kijiji cha sisimizi kwa sababu ya sisimizi mmoja aliyemuuma.

3. Funikeni vyombo usiku, kama tulivyofundishwa na Mtume (S.A.W.). Osheni masufuria kabla ya kulala. Sumu iwekeni mbali na watoto.

4. Mende akifia kwenye ndoo ya maji ya udhu, mtoeni. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mdudu asiye na damu inayochuruzika akiingia mwenyewe na kufa majini, maji hayanajisiki, madamu hayajabadilika. Tawadheni, msijitie wasiwasi.

Mpigeni ndala, lakini moyoni msimdharau, kwani ni kazi ya Mola wenu. Na mtu msimwite mende, hata kwa utani.

Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele ya watoto wa madrasa, nikawaambia kuwa ustadhi wao alikosea, na nikamwomba radhi yule mtoto kwa jina lake kamili, na jina la baba yake. Jamaa wawili wa msikitini walimnunulia mama yake ndoo mbili kubwa za mifuniko za kuwekea unga. Mtoto amerudi. Bado anakaa karibu na mlango. Lakini juzi nilimwona mwenzake mmoja, aliyekuwa akivuta kanzu, amemsogelea, wanasoma juzuu moja, bega kwa bega.

Ewe mzazi, leo usiku mwulize mwanao: kule shuleni na madrasa, wenzako wanakuitaje? Kisha mwulize: na wewe, unawaitaje wenzako?

Ewe Mola, tusafishe nyoyo zetu na dharau kama tunavyosafisha majiko yetu. Aamin.

Wallahu a'lam. Ukiona kuna faida, mfikishie na mwenzako.