Ya nini kuiba kinachogawiwa bure?

Hivi wadau, ni nani aliyetuloga kwenye hili suala la kompyuta? Mtu ana digrii yake, ana kazi nzuri pale Dar, hawezi kuiba hata kijiko hotelini, lakini kompyuta yake ya nyumbani ni wizi mtupu, kuanzia Windows mpaka kile kiprogramu cha kufungulia mafaili yaliyobanwa. Ukimuuliza anacheka. "Si kila mtu anafanya hivyo?"

Naam, kila mtu. Na leo sitaki kuhubiri habari za dhambi, wala Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, hiyo tuwaachie COSOTA. Ninachosema ni kwamba tunaiba vibovu wakati vizuri vinagawiwa, na anayelipa gharama ya ujanja huu siyo sisi wa mjini. Anayelipa ni mwalimu wa Mpepai.

Kwa msiopajua, Mpepai ni kata ya Mbinga, mkoani Ruvuma, nchi ya Wamatengo na kahawa yao. Kule kompyuta ya nyumbani mara nyingi ni mtumba: Dell au HP iliyozeekea ofisini Ulaya, ikashuka bandarini, ikapanda basi mpaka Songea, kisha Mbinga. Hela ya kahawa ikitoka, mtu anajikakamua ananunua. Fundi keshampigia Windows ya kuvunja leseni na Office ya kuvunja leseni, kazi imekwisha, kwaheri ya kuonana.

Sasa hebu tuangalie hiyo kraki inavyofanya kazi. Maelezo yake karibu siku zote huanza hivi: zima antivairasi kwanza. Jamani! Mtu anakuja kwako usiku, anakuambia mfunge mbwa kwanza ndipo nikuletee zawadi, na wewe unamfunga! Ndani ya hicho kifaili kunaweza kuwa na chochote, na huna namna ya kujua. Halafu fundi anazima na masasisho ya Windows, kwa kuogopa leseni bandia isije ikagundulika. Mashine inabaki wazi kama nyumba isiyo na mlango, na pale Mpepai hakuna kitengo cha TEHAMA cha kupigia simu.

Matokeo yake mnayajua. Unachomeka flashi, unakuta mafolda yote yamegeuka shotikati. Kwetu sisi hayo ni mambo ya kuchekesha, tunazo nakala kwenye barua pepe. Kwa yule mwalimu ni maksi za darasa zima. Kwa karani wa AMCOS ni orodha ya wakulima na kilo zao za kahawa, yaani hela ya watu. Na huyo karani anachomeka flashi ileile kwenye steshenari ya mjini ili achapishe, anarudi na wageni wengine.

Habari njema ni kwamba mara nyingi mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu. Safisha kompyuta kwanza kwa Windows Defender, ambayo imo tayari ndani ya Windows 10 na 11 na kwa mtu wa nyumbani inatosha kabisa, maana usipoanza na hapo ugonjwa utarudi dakika ileile. Kisha fungua dirisha la cmd, andika amri hii, ukibadili E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -s -h -r /s /d E:\*.*

Mafolda yanarudi. Zile shotikati zifute, usizibonyeze. Tangu Februari 2011 Microsoft walisambaza sasisho la kuzuia flashi kujiwasha yenyewe, kwa hiyo virusi vya namna hii siku hizi vinategemea kidole chako.

Turudi kwenye wizi. Unaiba Office ya nini? LibreOffice ipo, inaandika barua, inapiga hesabu za majedwali, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwenye OpenOffice.org, na hapo sisi Watanzania tuna historia ambayo tumeisahau mapema mno. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, chini ya mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: menyu zote Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti Marekani, kwa sababu leseni ya programu ile iliruhusu yeyote kuifungua, kuitafsiri na kuigawa. Jambo OpenOffice yenyewe imekwishapitwa na wakati, ila LibreOffice ya leo ina kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili, mradi uichague wakati wa kuinstoli. Mwalimu anayetunga mtihani wa Kiswahili ataacha kuona kila neno limepigiwa mstari mwekundu kama vile yeye ndiye mwanafunzi.

Ina kasoro? Inazo. Faili la Word lenye mapambo mengi linaweza kupanguka mistari, na makro za Excel zinasumbua. Ukimtumia mtu barua rasmi, itoe kama PDF. Na kwa ajili ya umeme unaokatika, ingia kwenye mipangilio uiambie ihifadhi kazi kila baada ya dakika 3.

Kwa filamu kuna VLC, kazi iliyoanzishwa na wanafunzi wa Paris. Kwa mafaili yaliyobanwa kuna 7-Zip, ina MB chache mno, na hainung'uniki kila siku kuhusu siku 40 za majaribio kama mwenzake tunayemjua.

Lakini msichanganye. Bure zipo za aina mbili. Avast ilikuwa antivairasi ya bure, watu wakaipenda, na Januari 2020 ikafichuka kwamba kampuni yake tanzu ya Jumpshot ilikuwa inauza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji. Mwaka 2024 mamlaka za Marekani ziliwaamuru walipe dola milioni 16.5. Bure ya namna ile bidhaa ni wewe. Ninayoisifia hapa ni ya programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi, watu wanaukagua, na leseni inakuruhusu kumpa jirani.

Na kwa ile mitumba, mambo yamezidi kuwa magumu. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, ukiacha nyongeza ya muda kwa waliojiandikisha. Windows 11 inataka, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ile Dell ya kizazi cha 3 haipiti mlangoni. Itupwe? Weka Linux Mint, toleo la Xfce, kwenye RAM ya GB 4 inakwenda vizuri. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski. Pia ukiiwasha hivyo, yale mafaili yaliyofichwa na virusi yanaonekana yenyewe, na virusi vya Windows vinabaki vimelala.

Najua mtakachosema: bure gani wakati bando ni hela? Kweli kabisa. LibreOffice ni kama MB 350, Mint inakaribia GB 3, na mwalimu hawezi kuchoma bando la mwezi kwa jambo asilolijua. Hapo ndipo ninyi mnaoingia. Ofisini kwenu Dar kuna Wi-Fi. Mwezi wa kumi na mbili mnapanda basi kwenda nyumbani na flashi ya GB 32 imejaa filamu za Kikorea. Acheni filamu mbili. Pakueni kutoka libreoffice.org, videolan.org, 7-zip.org na linuxmint.com, siyo kwenye zile tovuti zenye vitufe vitano vya kijani. Ongezeni Kiwix pamoja na faili la Wikipedia ya Kiswahili, inasomeka bila intaneti hata kidogo. Faili moja mlilolipakua mara moja linaingia kwenye kompyuta mia, kihalali. Na kabla ya kuchomeka flashi hiyo kwenye mashine ya mtu yeyote kule, acheni nakala nyingine safi ndani ya begi.