Viatu vya studio

KIBARAZANI
Na Saumu Hamadi

Ninayo picha yangu ya Idi ya mwaka 1978, iliyopigwa Tanga nikiwa na miaka sita. Nimekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, shingo nyeupe kwa poda, macho yamenitoka kama mtu aliyekurupushwa usingizini. Nyuma yangu pazia limechorwa minazi na ndege ya abiria. Miguuni nimevaa viatu vyeusi vya kamba, vinavyong'aa, vikubwa kunishinda. Si vyangu. Ni vya studio.

Juzi nilimtembelea jirani yetu wa zamani, akatoa kopo la biskuti alilohifadhia picha. Binti yake, Krismasi ya mwaka uleule: poda, kigoda, viatu vilevile. Mtoto wa mwenye duka Mhindi: viatu vilevile. Mtoto wa askari aliyehamishiwa kwetu kutoka Musoma: viatu vilevile, cha kushoto kimepinda mbele. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Tukiulizwa Utanzania ni nini, hukimbilia bendera na Mwenge. Mimi siku hizi navikumbuka viatu vile. Hakuna wizara iliyotuagiza tuvivae. Kila mzazi alitaka mwanawe aonekane mtoto wa watu, ili picha ikifika kijijini, bibi aridhike kwamba mjukuu hajakosa kitu.

Na si sisi tu. Seydou Keïta alipofungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliweka suti, saa, redio, hata pikipiki ya Vespa, wateja wapigie picha. Mali ilipopata uhuru mwaka 1960, watu wake walikuwa wameshajiona kwenye karatasi wakiwa wamenyoosha shingo. Zanzibar nako, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mwaka 1964 Sultani akaondoka, studio ikabaki, na baadaye mwanawe Oza, Rohit, akaiendeleza.

Sebuleni kwa mama, picha ya rais ilitundikwa juu, yangu chini yake. Tangu enzi ya Mwalimu, ya juu imebadilishwa mara tano. Ya chini haijabanduka, na wageni wakiingia huanza nayo: "Huyu nani? Kumbe wewe!"

Wajukuu zangu wana picha mamia ndani ya simu, na simu ikiibwa, utoto wote umekwenda nayo. Sisemi turudie poda. Nasema kila sikukuu tusafishe picha moja tu, nyuma yake tuandike jina, mahali na tarehe, kisha tuitundike. Kama mtoto hana viatu vya kupigia picha, aazimwe vya mtoto wa jirani. Vikimpwaya, si neno. Hata sisi vilitupwaya.