Rubani Haoni Kile Aonacho Mfugaji

Tarehe 3 Oktoba 1993, mjini Mogadishu, helikopta mbili za Marekani aina ya Black Hawk ziliangushwa kwa roketi za kurushwa begani. Wanajeshi 18 wa Marekani walikufa katika mapigano yale, pamoja na mamia ya Wasomali ambao dunia haikuwahesabu kwa uangalifu uleule. Sisi tuishio upande huu wa mpaka tuna sababu ya kuyakumbuka hayo kila helikopta ya jeshi ivukapo mto Tana.

Wengi hudhani kwamba chombo chenye silaha angani hakigusiki. Sivyo. Rubani akipaa juu, huwa wazi kwa kombora lifuatalo joto la injini. Akishuka ili ajifiche, huingia katika masafa ya rashasha na hata ya bunduki za kawaida. Fataki zinazotupwa ili kulihadaa kombora hazifai kitu mbele ya roketi isiyofuata joto. Tena nchi yetu ni tambarare. Mngurumo husikika mapema, na kichakani mtu mmoja mwenye subira anatosha. Hatari huzidi chombo kinapotua kuwachukua majeruhi.

Ni nani basi amwonaye mtu yule wa kichakani? Ni mfugaji aendaye kisimani. Lakini Serikali ilimtendea nini mfugaji huyo? Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1963 ilidumu hadi 1991. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa Serikali wasishtakiwe kwa matendo yao ya miaka ya vita vya shifta. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi, hapa Garissa, ulichomwa moto. Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa Wagalla, kwenye kiwanja cha ndege, wakauawa. Mtu ambaye baba yake hakurudi kutoka kiwanja hicho hawezi kuusikia mngurumo wa angani kama ausikiavyo mtu wa Nairobi.

Hatusemi helikopta ziondolewe. Makanisa yaliyowazika wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, waliouawa 2 Aprili 2015, yanajua thamani ya msaada ufikao mapema. Tunalodai ni la kisheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 241, hairuhusu jeshi kupelekwa kurejesha amani ndani ya Kenya bila idhini ya Bunge la Taifa, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Septemba 2023 helikopta ya Jeshi la Wanahewa ilianguka katika jimbo jirani la Lamu ikiwa kwenye doria ya usiku. Njia za ndege na zisalie siri. Lakini vyanzo vya ajali za namna hii, na hesabu ya raia na mifugo waliodhurika kwa mashambulizi ya angani, viwekwe mezani Bungeni. Wabunge wetu wa Garissa, Wajir na Mandera waanze kwa kuliuliza hilo kwa maandishi.