Kuvua Paa la Asbesto si Kazi ya Kibarua



Katika miji yetu ziko nyumba nyingi za zamani zilizoezekwa kwa yale mabati ya kijivu, mazito, yenye mawimbi makubwa. Tumezoea kuyaita mabati ingawa hayana bati hata kidogo. Ni simiti iliyochanganywa na nyuzi za jiwe liitwalo asbesto. Nyumba za serikali, nyumba za walimu, madarasa, mabohari, nyumba ambazo makampuni yaliwajengea watu wao: huko kote yapo. Wengi wetu tumezaliwa chini yake na kulelewa chini yake.

Sasa mabati hayo yanavuliwa. Kanuni za taka za mwaka 2006 zimeihesabu asbesto kuwa taka ya hatari, na NEMA imeandika mwongozo wa namna ya kuiondoa na mahali pa kuizika. Hilo ni jema na sisi hatulipingi. Tunauliza jambo moja tu. Ni nani anayepanda juu ya paa?

Jibu mnalijua. Mwenye nyumba anampa kazi kontrakta. Kontrakta anampa kontrakta mdogo. Huyu mdogo anakwenda alfajiri pale vijana wanaposimama kungoja kazi, anachagua sita wenye mabega, anawapakia katika pikapu pamoja na nyundo na mitaimbo. Saa sita mchana paa limekwisha kuvunjwa na kutupwa chini, uwanja umejaa vipande, watoto wa jirani wanavichezea. Jioni kila mtu anapewa fedha zake mkononi, anajikung'uta vumbi, anakwenda kwake. Hakuna aliyemwuliza jina. Siku nzima aliitwa "kijana".

Ndugu, hiyo ndiyo habari tunayotaka kuisema leo, na hasa hilo la jina, kwa sababu ugonjwa wa asbesto si kama ugonjwa mwingine wa kazini.

Mtu akikatwa kidole na msumeno, kila mtu ameona damu. Akianguka kutoka ngazini, wenzake wanamwokota. Lakini asbesto ni jiwe la nyuzi. Ukilivunja hutoa nyuzi nyembamba, na uzi mmoja hugawanyika tena na tena mpaka jicho haliwezi kuuona. Zikivutwa puani huingia ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hubaki humo maisha yote ya mtu. Siku ile hakohoi. Mwaka ule haumwi. Hupita miaka 20, miaka 30, hata 40 na zaidi, ndipo pumzi inapoanza kumwishia akipanda kilima kidogo. Kwa wengine mapafu huwa magumu yasiweze kutanuka. Kwa wengine huja saratani ya mapafu, na mvuta sigara yumo katika hatari hiyo mara nyingi zaidi. Iko na saratani nyingine ya ule utando unaofunika mapafu, ambayo karibu daima chanzo chake ni asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto huleta saratani, ya buluu, ya kahawia na nyeupe. Anayekwambia kwamba hii yenu ni nyeupe, haina neno, anakudanganya.

Wala si habari mpya. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mwanamke mmoja jina lake Nellie Kershaw alifanya kazi ya kusokota nyuzi za asbesto kiwandani. Alikufa mwaka 1924 akiwa na umri wa miaka 33. Daktari alikuta vumbi la asbesto katika mapafu yake na kuandika habari hiyo katika gazeti la madaktari. Kampuni ilikataa kulipa. Uingereza ilikuja kupiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999. Hesabuni wenyewe: ni miaka 75 tangu mama yule kuzikwa. Katika miaka hiyo yote asbesto iliendelea kuuzwa, na sehemu yake ikaletwa Afrika ikawa paa juu ya vichwa vyetu.

Sasa yafaa tuseme namna kazi hii inavyofanywa na watu walioijua, maana tajiri husema ni paa tu, kila fundi anaweza. Kwanza, wakaaji wa nyumba huondoka na vyombo vyao hutolewa au kufunikwa. Ardhi kuzunguka nyumba hutandikwa plastiki. Mabati hulowanishwa kwa maji ya kunyunyiza polepole, yasiwe maji ya kasi, kwa sababu maji ya kasi huchimbua nyuzi. Kisha parafujo hufunguliwa au hukatwa moja moja, na bati zima hushushwa kwa mikono au kwa kamba. Halitupwi, halipigwi nyundo, halikatwi kwa msumeno wa umeme. Hapo chini hufungwa katika plastiki nene mara mbili, hubandikwa alama ya hatari, hupakiwa katika gari lenye leseni, na kwenda kufukiwa mahali palipokubaliwa. Vumbi lililobaki haliguswi na ufagio mkavu. Hufutwa kwa kitambaa cha maji, na kitambaa chenyewe hufungwa pamoja na taka.

Na yule mtu wa juu huvaa bwelasuti la kutupwa baada ya kazi na barakoa ya kuzuia vumbi jembamba kabisa, inayoshika uso pande zote, hivi kwamba mwenye ndevu lazima azinyoe. Kitambaa cha kufunga pua hakizuii kitu. Ile barakoa ya buluu tuliyoivaa wakati wa korona haizuii kitu pia, na makontrakta wengine wanazigawa hizo wakidhani wamefanya wema. Tena bati la asbesto likizeeka huwa kama biskuti chini ya mguu. Fundi hatembei juu yake. Hutandika mbao za kukanyagia. Wako waliokufa kwa kupenya paa na kuanguka sakafuni, kabla vumbi halijapata hata nafasi ya kuwaua.

Kazi hiyo ni ya siku kadhaa na gharama yake ni kubwa. Mtaimbo na vijana sita ni rahisi. Huo ndio ukweli wote wa kwa nini wanaitwa vibarua.

Turudi kwenye jina. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 humgeuza kuwa mfanyi kazi wa mwezi akiwa amefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Lakini paa la nyumba huvuliwa kwa siku mbili tatu. Basi kijana huyu anaweza kuvua mapaa miaka kumi, kwa makontrakta ishirini, na kila jioni akawa ni mtu asiyepata kuajiriwa na yeyote.

Tufanye hata kwamba aliandikwa sawasawa. Kifungu cha 10 cha sheria ile ile kinamtaka mwajiri aweke karatasi za ajira ya mtu kwa miaka 5 baada ya kazi kwisha. Miaka 5! Na ugonjwa unakuja baada ya 30. Wakati mtu anapolala hospitali, karatasi zake zimekwisha kuchomwa zamani, kontrakta amebadili jina la kampuni mara tatu, na nyumba ile imebomolewa ikajengwa ghorofa. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 inahesabu ugonjwa uliotokana na kazi pamoja na ajali, na inamtaka mwajiri awakatie watu wake bima. Ni sheria nzuri. Lakini utampeleka nani mbele ya sheria hiyo? Utasema ulivua paa lipi, mwaka gani, ukiwa kazini kwa nani?

Huko Uingereza, kanuni za mwaka 2012 zinataka habari za afya ya mfanyi kazi wa asbesto ziwekwe miaka 40. Hawakuichagua hesabu hiyo kwa kupenda karatasi. Walikwisha kuona mambo.

Tazameni pia Afrika Kusini. Kampuni ya Kiingereza iitwayo Cape ilichimba asbesto ya buluu huko, na katika mji wa Prieska ilikuwa na kinu chake. Iliondoka nchini mwaka 1979. Mwaka 1997 wagonjwa wa kwanza walifungua kesi London. Kampuni ikasema waende wakashtaki kwao Afrika Kusini, mahali ambapo yenyewe haina kitu tena. Julai 2000 mahakama ya juu ya Uingereza ikaamua kesi isikilizwe Uingereza, na fedha zililipwa mwaka 2003, wadai wakiwa wamefika kama 7,500. Wengi walikufa wakingoja. Lakini wale walikuwa na kitu ambacho kijana wa pikapu hana. Mji wao ulijulikana, kinu kilijulikana, kampuni ilijulikana kwa jina. Yeye ameacha pumzi yake katika mitaa hamsini na hakuna mtaa hata mmoja unaomkumbuka.

Kwa hiyo chama kikikaa mezani na waajiri, neno la kwanza lisiwe fedha. Najua wako wenzetu watakaokasirika kusoma hivyo. Katika matawi tumesikia sauti zikisema, "Tupeni posho ya hatari, sisi tutavua." Ndugu, posho ya hatari kwa asbesto ni bei ya mapafu, na tajiri ataifurahia sana bei hiyo, maana ni ndogo kuliko gharama ya kufanya kazi sawasawa. Akikwisha kulipa shilingi hizo atasema mlikubali wenyewe. Tudai kwanza vifaa, mafunzo, mahali pa kuoga na kubadili nguo, na kupimwa na daktari kwa gharama ya mwajiri. Fedha ya ufundi ifuate, kwa kuwa huu ni ufundi.

Hatudai mageni. Mapatano Namba 162 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1986, yanasema kazi ya kuondoa asbesto katika majengo ifanywe na wale tu waliotambuliwa na serikali kuwa wanaiweza. Mpango wa kazi uandikwe kabla. Na wafanyi kazi au wajumbe wao waulizwe juu ya mpango huo. Yanakataza pia nguo za kazi kupelekwa nyumbani. Sababu yake ni ya huzuni: katika nchi zenye viwanda vya asbesto, wake waliofua bwelasuti za waume zao waliugua ugonjwa ule ule bila kukanyaga kiwandani.

Na hapa kwetu, kifungu cha 14 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 kinasema mfanyi kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi pale mpaka hatari iondolewe. Mjumbe wa chama kazini akitaje kifungu hicho kwa namba. Mnyapara akisikia namba hupunguza sauti.

Kuna mambo mawili yanatuhusu sisi wenyewe. Moja ni hili la kuokota yale mabati na kwenda kuezekea jiko au banda la kuku. Yanaonekana mazima, bado yana nguvu, ni bure. Lakini utayakata, utayatoboa, na vumbi litakuwa nyumbani kwako mahali mtoto anapotambaa. Acheni. La pili ni hofu. Ukiwa mpangaji chini ya paa la asbesto ambalo ni zima, halijapasuka wala kumomonyoka, si lazima ulikimbie usiku huu. Likiachwa bila kuguswa hutoa vumbi kidogo sana kuliko likivunjwa ovyo. Usilisugue, usilitoboe kuweka waya wa televisheni, usipande juu yake kuziba tundu. Kamati ya wapangaji inayopiga kelele "ling'olewe kesho" ijue kwamba kesho watakaokuja ni wale wa mitaimbo. Afadhali ingojee miezi mitatu ipate kontrakta mwenye leseni, na iombe kuiona leseni yenyewe, si picha yake katika simu.

Tawi limefungua daftari. Memba yeyote, na mtu yeyote hata asiye memba, aliyepata kuvua, kukata, kubeba au kuzika mabati ya asbesto, aje ofisini siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi na moja jioni. Aje na mambo haya: mwaka, mtaa, nyumba ya nani, kontrakta alikuwa nani, na majina ya wawili watatu aliokuwa nao juu ya paa. Asiyekumbuka tarehe aseme msimu, ilikuwa mvua au kiangazi. Mwenye picha ya siku ile katika simu ailete, tutaichapa na kuibandika ukurasani. Kila aliyeandikwa atapewa nakala yenye muhuri wa chama, na aiweke pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Wajane wa mafundi waliokufa kwa kifua waje na cheti cha kifo. Hao nao wataandikwa.