Jina Lililomezwa na "Wenzake"

Mgodi wa shaba wa Kilembe, katika tarafa ya Bulembia, magharibi mwa Uganda, ulikuwa na mizani yake. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, shaba ikaanza kusafirishwa hadi kwenye tanuri la Jinja, na biashara ya namna hiyo haiendi bila kupimwa na kuandikwa. Ukiteremka hadi Bwera, mambo ni mengine. Pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, watu huvuka mto Lhubiriha na mizigo kichwani, mgongoni na kwenye baiskeli, wakienda Kasindi au wakitoka huko. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu wa lugha moja; soko lao halikungoja kibali cha serikali yoyote. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya biashara hiyo haikuingia kwenye daftari la taifa lolote.

Toleo hili la jarida letu linawahusu watafiti waliojaribu kuisoma biashara hiyo, na namna ulimwengu wa kitaaluma unavyowahesabu wao.

Namchukua mmoja. Mwaka 1982 Vwakyanakazi Mukohya alikamilisha tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kuhusu wafanyabiashara wa Butembo, mji wa Kivu Kaskazini ng'ambo ya mpaka, kati ya 1960 na 1980. Alikuwa mwanaanthropolojia, lakini swali lake lilikuwa la kiuchumi hasa: mtaji unakuaje mahali ambapo dola limelegea? Mwaka 1991 sura yake juu ya biashara ya nje isiyo rasmi ya Kivu Kaskazini ilitoka katika kitabu The Real Economy of Zaire, kilichoongozwa na Janet MacGaffey. Wengine walioandika humo ni Rukarangira wa Nkera, Makwala ma Mavambu ye Beda, Walu Engundu na Brooke Grundfest Schoepf. Hoja ya kitabu ilikuwa nzito: takwimu rasmi za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, zilikuwa zikiacha nje sehemu kubwa ya uchumi halisi wa nchi.

Sasa tazama kinachotokea mtu akikinukuu. Mara nyingi huandika "MacGaffey 1991" na kuendelea. Akijitahidi, huongeza "na wenzake". MacGaffey mwenyewe aliwataja waziwazi, na majina yao yamechapwa pamoja na lake. Kosa linaanza kwetu sisi tunaonukuu kitabu kizima wakati hoja tuliyoichukua imo katika sura ya mtu mwingine.

Na mashine ya kuhesabu nukuu haimsaidii Vwakyanakazi. Faharasa ya nukuu aliyoianzisha Eugene Garfield mwaka 1964 ilijengwa juu ya majarida ya sayansi. Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, humpa mtafiti alama kumi akiwa na kazi kumi ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara kumi. Mwenye tasnifu moja na sura moja, hata zikisomwa na kila anayeandika juu ya mpaka huu, hawezi kupita alama mbili. Tena kuna suala la jina. Jina la Mkongomani si lazima lifuate mpangilio wa Kizungu. Orodha moja itaanza na Vwakyanakazi, nyingine na Mukohya, na kompyuta itaona watu wawili.

Linganisha na neno letu "magendo". Reginald Green alilitumia katika kichwa cha andiko lake kuhusu uchumi wa Uganda mwaka 1981, na Nelson Kasfir akalitumia mwaka 1983. Tangu hapo neno la Kiswahili limepita katika maandishi ya Kiingereza bila kutafsiriwa. Inaniuma kuona neno limepata heshima kuliko watu walioeleza linavyofanya kazi mlangoni kwao.

Sisemi nukuu hazina maana. Timothy Raeymaekers, aliyeandika mwaka 2009 juu ya biashara ya bonde la Semliki, alisomwa sana na alistahili. Lakini kazi ya aina hiyo hutegemea wengi: mkalimani, mwenyeji wa Kasindi, karani anayesimama mpakani kukadiria uzito wa magunia ili Idara ya Takwimu ya Uganda na Benki Kuu zipate hesabu ya biashara isiyo rasmi. Hakuna faharasa inayowafikia hao. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na maswali kuhusu Mpondwe yataongezeka. Watakaoyajibu kwanza ni watu hawa.

Kwa hiyo, kuanzia toleo hili, mwandishi wetu akichukua hoja kutoka sura ya kitabu, atamtaja mwandishi wa sura, kwa majina yake yote, kwa mpangilio ambao mwenyewe aliutumia. "Na wenzake" hatutaipokea hata kama wenzake ni saba. Waliokusanya takwimu na kutafsiri mahojiano watatajwa ukurasa wa kwanza wa makala wakiridhia, na nakala ya kila makala inayohusu Bwera itapelekwa Bwera.